Diski Uliyoiandika "Dawa"

Kiseke, Jumapili baada ya misa ya kwanza

Resti mwenzangu,

Barua zangu zote huanza kwa kuulizia afya, na wewe afya haikuhusu tena. Kwa hiyo naanza na hasira, maana ndiyo niliyo nayo. Nakuandikia kwa kalamu, kwenye daftari la shule la Agnesi. Kompyuta iko pale mezani, imefunikwa kile kitambaa ulichonifumia, na leo sitaki iwe kati yetu.

Nikupe habari kwanza. Mwaka haujatimia tangu tukuzike kwenu Misungwi. Tuma wako amefaulu, anakwenda bweni. Baba Tuma amekonda lakini hajambo. Kwenye kwaya sauti ya pili inayumba, na mwalimu akikasirika anasema, "Angekuwepo Restituta!" nasi wote tunainamisha vichwa. Kiwandani kwenu, kwenye kiti chako cha katibu muhtasi, wameweka binti kutoka Dar. Na virusi vimerudi.

Ndiyo. Miezi miwili iliyopita niliwasha mashine nichape mtihani wa mwalimu wa sekondari, herufi zikaanza kudondoka moja moja hadi chini ya skrini, zikarundikana pale kama dagaa kwenye mkeka. Vile vile kama siku ya kwanza. Unakumbuka siku ya kwanza? Nilipiga ishara ya msalaba nikakimbilia nje, nawe ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mkerewe wewe! Unaogopa mashine kama unaogopa mamba." Kisha ukakaa ukaniambia taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Kompyuta nayo inaugua, Feli. Inaambukizwa na hizi diski unazoletewa na kila mtu. Lakini dawa yake ni ya bure kwa sisi wa nyumbani, usije ukadanganywa na hao mafundi wa mjini. Mimi nitakutibia bure mpaka nife."

Hilo ulilitimiza, Resti. Ulinitibia bure mpaka ukafa.

Kila Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, ulikuja na diski yako ile ya bluu, umeiandika DAWA kwa wino mwekundu. Ulikaa, ulivua viatu, ulisema, "Nenda kapike chai, hii inachukua muda." Nami nikaenda. Kila Jumamosi nikaenda. Nikakuchemshia na viazi, nikachagua vile vyenye unga unavyovipenda, huku nikimshukuru Mungu jikoni kwamba ofisi yetu ilipofungwa na sisi wapiga chapa tukapunguzwa wote siku moja, Yeye aliniachia rafiki. Maana hii mashine si wewe uliyeniletea? Kiwanda chenu kilipoagiza mpya, ukaniombea hii ya zamani, ikaja kwa mkokoteni imefungwa blanketi kama mzazi anayetoka hospitali. Ukaniwekea programu ya kuandikia. Ukanifundisha kila kitu. Nilidhani kila kitu.

Nawe ulijua kazi yangu ilivyokuwa. Waliokuja kwangu hawakuja kwa ajili ya kuchapa tu, kuchapa kuko hata mjini. Walikuja kwa sababu kwangu barua ilikuwa haikai. Mtu anasema, mimi naandika. Namsomea kwa sauti mpaka akubali kwamba ndicho alichosema. Naitoa kwenye karatasi. Halafu nachukua dole gumba lake mwenyewe naliweka juu ya kitufe: "Bonyeza, mama, uifute kwa mkono wako." Anabonyeza, jina la barua linatoweka mbele ya macho yake. Wengine waliguna kwa mshangao. Kuna bibi mmoja alisema amina. Wanawake walizungumza kwangu mambo ambayo hawakuyasema hata kwa mama zao, kwa sababu ya kile kitufe.

Mama Kulwa aliniuliza siku ile, dole gumba bado liko juu ya kitufe, "Imekufa kabisa?"

Nikasema kabisa. Mungu anisamehe, nilisema kabisa.

Ilikuwa Ijumaa. Barua yake ilikuwa ya kwenda ofisi ya kazi, kuhusu ninyi, kuhusu kiwanda chenu. Kwamba wao wanaokata minofu ya sangara wanasimama kutwa kwenye maji ya baridi bila mabuti, na aliye mjamzito akionekana tu tumbo anaambiwa akapumzike na asirudi. Alisema kwa Kisukuma, nami nikamwomba anigeuzie kwa Kiswahili, akasema, "Andika hivi: tumekuwa barafu yenye miguu." Nikaandika vile vile. Wenzake sita wangeweka saini Jumapili, naye angeipeleka Jumatatu. Haikufika Jumatatu yake. Jumapili asubuhi, kabla ya zile saini, alipofika getini kwa zamu aliambiwa jina halimo, na msimamizi akamwambia mbele ya watu, "Haya, barafu yenye miguu, nenda ukayeyukie nyumbani." Wale sita nao, ambao majina yao nilishayachapa chini ya barua, wakafuatishwa mwezi uleule, mmoja mmoja.

Waliosikia maneno yale ni watu wawili, Mama Kulwa na mimi. Basi akahesabu watu wawili, akajitoa yeye mwenyewe, akabaki mmoja. Ungemlaumu? Alisimama hapa mlangoni kwangu, hakuingia, akasema, "Felista, umeniuza na hukuniambia hata kwa nini." Jumuiya yote ikajua. Wanawake wakaacha kuja. Aliyekuwa na barua akaipeleka mjini kwa watu asiowajua, kwa sababu asiyekujua ni afadhali kuliko anayekuuza.

Wewe ulikuwa wapi, Resti? Ulikuwa hapa. Ulikaa kwenye kiti kile kile, ukanishika mkono, ukaniambia, "Huenda Mama Kulwa mwenyewe kaongea, unamjua mdomo wake." Ndivyo ulivyosema. Halafu ukasema tusali novena, Mungu asafishe jina langu. Siku tisa. Uliiongoza wewe. Ulifika kila jioni umejifunga kitenge, ukapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji, ukamwambia Mungu kwa sauti, "Umfunue aliyefanya hivi."

Nikifika hapa kalamu inasimama. Ulimwambia Mungu amfunue. Ulikuwa unamfanyia mchezo nani?

Ukaugua siku tano tu, ukaenda. Mimi ndiye niliyechapa wasifu wako, kwenye mashine hii hii, na mimi ndiye niliyeusoma kaburini. Nilisema, "Alikuwa mtu usiyehitaji kumfungia mlango." Watu walilia. Nililia mimi kuliko wote.

Siku ya kuanua matanga, walipogawa vitu vyako, dada zako walichukua nguo na vyombo. Shangazi yako akaniita mbele za watu, akanipa kitenge chako cha njano. Baba Tuma akaleta kiboksi cha diski, akasema, "Hiki cha shemeji Felista. Resti alisema apewe yeye." Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikiweka kabatini pamoja na rozari.

Sasa nataka kukuuliza na huwezi kunijibu. Ulisema kweli nipewe, au Baba Tuma alitunga tu kunifariji? Kama ulisema, ulitaka nijue? Maana kama ulitaka nijue, ulikuwa na mdomo kwa miaka miwili. Na kama hukutaka, mbona hukuivunja ile diski? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Nimeamua sitalijibu kwa niaba yako. Nimeshaandika maneno ya watu wengi, haya yako siyaandiki.

Basi, virusi viliporudi nilitoa diski yako ya DAWA, nikaishika, nikashindwa. Sikujua amri zake, wewe ulikuwa ukinituma jikoni. Nikaenda kwa Sista Adelina, yule anayefundisha wasichana kompyuta pale kwenye chuo chao cha ufundi. Nikamwamkia, nikamwelezea herufi zinazodondoka. Hakucheka. Alinipa diski anayoletewa na masista wenzake, yenye programu ya bure, na karatasi aliyoiandika kwa mkono. Akasema, "Mama, hii kazi wala haihitaji fundi. Inahitaji mtu asiye na haraka."

Nami sina haraka siku hizi. Karatasi ilisema zima mashine kabisa, usiianzishe tu upya, maana virusi hukaa kwenye kumbukumbu yake umeme ukiwepo. Ingiza diski safi, kale katundu kake kawe wazi ili chochote kisiweze kuandikwa juu yake. Washa, mashine iamkie kwenye diski hiyo, siyo kwenye tumbo lake lenye ugonjwa. Iamuru ikague yote, ikikuta kitu isafishe, ikimaliza irudie tena mpaka iseme hakuna. Na mwishoni Sista alipiga mstari mara mbili chini ya maneno haya: kagua kila diski iliyomo ndani ya nyumba, hata ile unayoiamini, la sivyo utarudi kwenye ugonjwa wiki ijayo.

Nilifuata neno kwa neno. Mashine ikapona mchana ule ule. Nilitamani uwepo uone, nilipiga vigelegele peke yangu. Kisha nikaanza diski. Zilikuwa arobaini na kitu. Virusi vilikuwa kwenye mbili za yule mwalimu wa sekondari. Yako niliiacha ya mwisho, si kwa kuishuku, kwa heshima. Nilitaka nimalizie na wewe.

Na ilikuwa safi, Resti. Nataka ulijue hilo. Hakuna kirusi hata kimoja. Dawa yako ilikuwa dawa kweli, na kila Jumamosi ulinitibia kweli. Laiti ungekuwa tapeli tangu mwanzo ningejua pa kukuweka.

Lakini programu ile ikikagua hutaja kila kilichomo, jina moja moja, linapita kwenye skrini. Na yalianza kupita majina ninayoyajua. Majina mafupi mafupi ya barua, niliyoyatunga mwenyewe. KULWA. BIBIROZI. SHAMBA. Barua ambazo wenyewe walizifuta kwa dole gumba mbele yangu. Kumi na moja.

Nilifungua ya kwanza nikaona maandishi yangu.

Sista Adelina ndiye aliyenieleza, nilipompelekea mashine na diski. Kwamba programu ya kuandikia ilikuwa imeagizwa tangu mwanzo kuweka nakala ya pili ya kila barua mahali palipofichwa, na kwamba diski ile, kabla ya kusafisha, kwanza inachukua zile nakala. Mtu aone inasafisha, kumbe inabeba. Akaniuliza nani aliipanga. Nikasema sijui, sista. Nikamdanganya mtawa kwa ajili yako, nikakiri dhambi hiyo Jumamosi.

Nakala zina tarehe. Nilizipanga. Na ya kwanza kabisa, Resti, miezi mingi kabla ya Mama Kulwa, ni ya mumeo.

Nilikuwa nimeisahau. Alikuja siku moja akiwa amevaa nguo za kazi, akaniomba barua kwa kaka yake wa Geita na akaniapisha nisikuambie. Alikuwa amepunguzwa kule karakana. "Mke wangu hajui, nami sitaki ajue mpaka nipate kingine. Kila asubuhi natoka na mfuko wangu kama kawaida, nashinda Usagara kwenye malori, napakia na kupakua." Ndivyo nilivyomwandikia. Sikukuambia. Nilitunza siri ya mumeo hata kwako.

Kumbe kuna mtu alikuambia mumeo anaonekana anaingia kwangu. Au ulimwona mwenyewe. Ukataka kujua amekuja kusema nini, labda ukadhani ni mambo ya wanawake, labda ukanidhania mimi. Ukaitega diski yako izibebe zile nakala. Ukasoma. Na tangu siku hiyo ukajua kwamba mshahara wako wewe ndio uliobaki pale nyumbani, na hukumwambia kwamba unajua. Ulimfungia chakula kila asubuhi kwenye lile kopo la bluu, ukamwambia kazi njema, ukijua anakwenda kubeba magunia Usagara.

Hapo nilikuhurumia. Nilisema, maskini Resti. Nilikaribia kukusamehe.

Halafu nikafungua ya Mama Kulwa. Nami najua jinsi viwanda hivi vinavyopunguza watu siku hizi, na kwamba katibu muhtasi anayemletea mkubwa habari haguswi. Ulikuwa na hofu, sawa. Sisi sote tulikuwa na hofu. Mama Kulwa alikuwa na hofu na watoto watano. Ulichukua hofu yako ukaitua kichwani kwake, kisha ukampelekea debe la unga.

Ningeweza kufuta. Diski ilikuwa ndani ya mashine, hakuna aliyeniona. Tumelelewa kwamba marehemu hasemwi vibaya. Na Tuma anakwenda bweni, na misa yako ya mwaka inakaribia, na jumuiya imeshaniomba nisome tena ule wasifu. Nilikaa mbele ya skrini mchana mzima. Kilichonizuia ni kwamba barua zile si zangu na si zako. Nikizifuta peke yangu nitakuwa mtu wa pili kuwafanyia watu mambo nyuma yao.

Nikaenda kwa Mama Kulwa. Siku hizi anakaanga mapanki pale kona ya soko, maana minofu inapanda ndege, mifupa ndiyo inatubakia. Nilimwambia. Hakuinua macho kwenye karai. "Yule hana mdomo tena, sasa umepata wa kumtwisha? Nenda zako, Felista. Hata wafu unawauza?" Wateja wakacheka. Nilirudi nyumbani nimeinama kuliko nilivyokwenda.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, na aproni yake ya mafuta. Hakukaa. "Nionyeshe." Nikafungua, nikaanza kumsomea, kwa sababu kusoma kwake ni kwa shida. Nilipofika pale penye barafu, alimalizia yeye, kwa Kisukuma, jinsi alivyokuwa amesema kwanza. Kisha akasema, "Huyu alikuwa anakujaga kwangu na unga. Nilimpigia magoti nikamshukuru. Nilimwombea apate maisha marefu." Akacheka kwa pumzi, siyo kwa sauti. "Mungu naye anajua kunikatalia."

Nikaanza kulia, nikamwambia unaona sasa, si mimi. Akanitazama. "Si wewe. Lakini mlango ni wako, na kabisa ulisema wewe." Kisha akaniuliza ya nani nyingine imo. Sikumtajia. Hilo lilimpendeza kidogo, nadhani, maana alipotoka aliniita mama Agnesi, hajaniita hivyo tangu siku ile.

Alisema kweli, Resti. Sehemu yangu ipo, na nimeikubali. Niliwaapia watu juu ya kitu nisichokijua, kwa sababu nilikuamini wewe unakijua. Tangu hapo akija mtu namwambia, mama, mimi naisafisha mashine hii mwenyewe kila mwezi, kwa diski ya bure ya masista, na pale palipokuwa pamefichwa pamefungwa, lakini usiniulize kama inakufa kabisa. Waliobaki kuja ni wachache. Wanaokuja wananijua.

Basi nikuage. Kesho nitamrudishia katibu wa jumuiya wasifu wako, nimwambie amtafute msomaji mwingine. Sitatoa sababu kanisani. Nitakuja kwenye misa, nitakutolea sadaka, na nitakutaja kwenye rozari kila siku mpaka nami nikufuate, kwa sababu hilo ni deni la Mkristo kwa Mkristo. La urafiki bado sijalijua, usinisukume.

Nakuahidi moja. Kila mwenye barua ataisikia barua yake, atajua nani aliichukua, na ataamua mwenyewe ifanywe nini. Nimeshawaita tisa, na bibi Rozi nitamfuata kwake Jumatano kwa kuwa hawezi kutembea. Sikuwaambia zaidi ya kilicho chao.

Wa kumi na moja ni Baba Tuma. Nilidhani nitamruka. Anaishi akiamini alikuficha vizuri, na hiyo ndiyo fahari iliyombakia. Lakini nikimruka yeye, nitakuwa nimechagua kama ulivyochagua wewe, nani ajue na nani asijue. Anakuja Jumamosi, saa kumi. Nitamsomea maneno yake mwenyewe, kisha nitamwambia tarehe uliyoyasoma, na nitanyamaza. Asubuhi zote zilizofuata atazihesabu mwenyewe, na kile chakula ulichomfungia.

Sitakutetea, Resti, na sitakuongezea. Lala.

Felista